Bata ametoboa yai tangu jana magharibi na hajatoka. Nimsaidie au nimwache?

Baba Swaumu (Mikanjuni, Tanga)

Assalaam aleykum wadau, na wengine habari za mchana. Naomba msaada wa haraka, maana hapa nyumbani kila mtu ana lake na mimi nimebaki katikati.

Nina mashine ya kutotolesha aliyonitengenezea fundi wa mtaani: sanduku la mbao, balbu mbili, feni ya kompyuta na kile kidude cha kurekebisha joto chenye namba. Niliweka mayai ya bata ya aina mbili siku moja. Trei ya juu ni ya bata weupe, Pekin, niliyanunua kwa mama mmoja Pongwe. Trei ya chini ni ya bata wetu hawa wa nyumbani, wenye nyama nyekundu usoni. Leo ni siku ya 28.

Jana baada ya magharibi yai moja la Pekin likapata tundu. Sasa hivi ni saa nane na nusu mchana na tundu liko vile vile, mdomo unaonekana, anaufungua na kuufunga kama anayetafuna. La pili lina ufa tu, ganda limeinuka kidogo. La tatu limetobolewa upande wa ncha, siyo kule kwenye kitako, na utando pale kwenye tundu naona umekuwa wa kahawia. Trei ya chini kimya kabisa, hata ufa hakuna.

Umeme ulikatika jana alasiri, tukafunika mashine kwa blanketi mpaka uliporudi. Kipimo cha unyevu kinasoma 58. Mama mkwe anasema nimenye kwa ukucha, mke wangu anasema nisiguse, jirani anasema trei ya chini ni viza tupu, tutupe kabla hayajapasuka yakatunukia. Nishike la nani?

Kijana wa Duga

Menya mkuu. Mimi kwa kuku yakipita masaa kumi na mbili tangu atoboe namtoa mwenyewe, wanapona vizuri tu. Ukisubiri anachoka anafia humo humo. Na jirani yako yuko sahihi, siku 28 zikiisha bila ufa hapo hakuna kitu.

Bi Mwana wa Sahare

Baba Swaumu, waaleykum salaam. Weka mikono mfukoni kwanza. Na wewe kijana wa Duga, mwanangu, kuku si bata. Ushauri huo ukiufuata kwenye bata utatoa nyama na damu.

Nianze na trei ya chini kwa sababu hiyo ndiyo iko hatarini kuliko hao waliotoboa. Usitupe hata yai moja! Hao bata wetu wenye nyama nyekundu usoni si ndugu wa hao weupe. Asili yao ni Marekani ya Kusini na ya Kati, na mayai yao hukaa siku 35, siyo 28. Kwa hiyo trei ya juu imefika na ya chini bado ina wiki nzima mbele. Ukitaka kuhakikisha usiku huu, zima taa chumbani, mulika kwa tochi ya simu upande wa kitako. Yai zima utaliona jeusi, juu kuna chumba cha hewa chenye mpaka unaoonekana wazi, na pengine kitu kinatikisika. Yai viza linacheza maji ndani ukiliinamisha, au limekuwa na mawingu mawingu, na pua itakwambia. Mimi kila msimu nasikia mtu katupa jaani trei nzima ya vifaranga hai kwa sababu ya hiyo hesabu ya 28.

Sasa hao waliotoboa. Wewe unahesabu masaa tangu uone tundu, na kifaranga wa bata hana habari na saa yako. Nikueleze anachofanya humo ndani ndipo ujue kwa nini nakukataza.

Akiwa yaini alikuwa havuti hewa kwa mapafu. Hewa ilikuwa ikipita kwenye vijitundu vya ganda, inaingia kwenye mishipa ya damu iliyotandazwa kwenye utando, kote kote. Siku za mwisho amekuwa mkubwa, hewa ile haimtoshi, basi anatoboa chumba cha hewa kwa mdomo. Hapo nje huoni kitu, ila ukiweka yai sikioni unamsikia. Ndipo mapafu yanapoanza kazi. Baadaye anadonoa ganda lenyewe, hilo ndilo tundu uliloliona jana. Halafu anatulia. Watu wanadhani kachoka, kumbe ndio yuko kazini: damu iliyo kwenye ule utando inarudi mwilini, na kiini kilichobaki kinavutwa kuingia tumboni kupitia kitovu. Huko kufungua na kufunga mdomo unakokuona ni dalili hiyo hiyo, bado anavuta kiini. Kwa bata, tangu atoboe ganda mpaka aanze kuzunguka akilikata ni masaa 24, na mara nyingi hufika 48. Ukimmenya kabla, unakata mishipa yenye damu, na kiini kinabaki kinaning'inia nje. Huyo haponi.

Kwa hiyo la kwanza na la pili, achana nayo. Ongeza unyevu tu: 58 ni ndogo kwa sasa, itake 70 hadi 75. Weka chombo kipana chenye maji ya moto na sponji ndani yake. Unyevu unatokana na upana wa maji, kina hakisaidii kitu. Na usifungue fungue mlango. Kila ukifungua, mvuke wote unatoka, na utando wa hao waliokwisha toboa unakauka na kuwabana.

La tatu ndilo linalonipa wasiwasi. Aliyetobolea kwenye ncha amelala vibaya, kichwa kiko upande usio na chumba cha hewa, na mara nyingi hawezi kuzunguka akajikata mwenyewe. Utando kuwa wa kahawia maana yake umeanza kukauka. Hebu nieleze: huo ukahawia uko pale ukingoni tu au umetambaa? Na analia?

Baba Swaumu (Mikanjuni, Tanga)

Shikamoo Bi. Kusema kweli nilikuwa na mfuko mkononi kwa ajili ya trei ya chini, mke wangu ananicheka hapa.

Analia, lakini kwa sauti ndogo kuliko yule wa kwanza. Ukahawia umezunguka tundu lote, na unaonekana mgumu umeng'ang'ania, siyo laini. Yule wa kwanza utando wake ni mweupe.

Bi Mwana wa Sahare

Marahaba mwanangu. Mpe mke wako pole kwa kuishi na wewe.

Huyo wa tatu tunamsaidia, ila kwa hatua, na hatua ya kwanza siyo kumtoa. Fanya hivi. Nenda bafuni, funga mlango, mwaga maji ya moto kwenye ndoo mpaka pajae mvuke. Nawa mikono. Chukua mafuta ya nazi, yawe vuguvugu, na pamba ile ya masikioni. Mtoe yeye peke yake kwenye mashine, funga haraka nyuma yako.

Paka mafuta kwenye utando ulio wazi pale kwenye tundu, mbali na matundu ya pua. Pua za bata ziko juu ya mdomo, karibu na kichwa, ukizimwagia mafuta au maji umemzamisha. Maji usidondoshe kabisa. Ukishapaka, utando unakuwa angavu na utaona kilichomo. Mulika. Ukiona nyuzi nyekundu zimetambaa, damu bado iko nje ya mwili: simama hapo hapo, panua tundu kiasi cha mdomo kupumua, mrudishe, ondoka. Usipoona nyuzi, au ukaona zile kavu nyembamba zisizo na rangi, banyua ganda kipande kidogo kidogo kwa ncha ya kibano ulichochemsha, ganda tu, utando uache. Upana wa ukucha wa kidole kidogo unatosha kwa leo. Paka mafuta tena, mrudishe, mpe masaa manne, matano, ndipo umtazame upya.

Tone la damu likitoka, usihangaike kumenya mbele. Chukua unga wa ngano kidogo kwenye pamba, bana pale, rudisha yai.

Na hata akiwa tayari kabisa, ukishafungua ule upande alipo kichwa, mwachie nusu iliyobaki ajivue mwenyewe. Usimvute miguu. Kitovu kiko upande huo, kama kuna kiini kimebaki nje kidogo atakaa humo gandani mpaka kiingie. Wengine hulala kwenye nusu ganda usiku kucha na asubuhi wako sawa.

Fundi wa Mashine, Makorora

Nakubaliana na Bi kwa asilimia kubwa. Naongeza la mashine maana hapo ndipo tatizo linapoanzia, na watu wa pwani tuna imani yetu potofu: "Tanga kuna unyevu, usiweke maji."

Unyevu wa nje hauingii mashineni ulivyo. Chukua hewa ya nyuzi 28 yenye unyevu wa asilimia 80, ipashe mpaka nyuzi 37.5 bila kuongeza tone la maji: unyevu unashuka hadi karibu 47. Maji ni yale yale, ila hewa ya moto ina nafasi kubwa zaidi ya kubeba. Kwa siku za katikati mayai ya bata yanataka kama 55 hadi 60, kwa hiyo hata hapa kwetu maji yanahitajika. Kaskazi ikivuma kavu, hiyo 47 yenyewe huipati.

Kingine, usikiamini kipimo chako kabla ya kukijaribu. Vile vidogo vya bei nafuu vinadanganya kwa tofauti ya kumi na zaidi. Weka chumvi ya kawaida kwenye kifuniko cha soda, ilowanishe iwe tope, isiyeyuke yote. Iweke pamoja na kipimo ndani ya mfuko wa nailoni uliofungwa barabara, usiku kucha. Asubuhi kinatakiwa kisome 75. Kikisoma 67, basi kila siku ongeza 8 kichwani. Huenda 58 yako ni 66, huenda ni 50, hatujui.

Kuhusu umeme, nilipenda mlichofanya. Mayai ya mwisho mwisho yana joto lake yenyewe, kufunikwa na blanketi kunatosha kwa muda huo, mradi pabaki upenyo wa hewa. Baridi kidogo yanaivumilia vizuri zaidi kuliko joto kupita kiasi. Wanaoweka jiko la mkaa chumbani ndio wanaoua.

Trei ya chini isikae bila kugeuzwa kwa sababu tu ya juu imefika. Geuza kwa mkono mara moja ukiwa unafungua kwa kazi nyingine, usifungue makusudi. Kugeuza kuna umuhimu mkubwa wiki mbili za mwanzo, sasa hivi siku moja mbili za kuzembea hazina madhara. Hao weupe wakishatoka, toa maji ya ziada, rudisha unyevu chini ya 60, geuza kama kawaida mpaka siku ya 32, ndipo uache na upandishe tena.

Bi Mwana wa Sahare

Fundi umesema. Na hao wa chini, Baba Swaumu, wanapenda kupoozwa. Mwangalie jike mwenyewe anavyoatamia: asubuhi anatoka, anakula, anajitumbukiza kwenye beseni, anarudi kukalia mayai na tumbo limelowa. Sisi wenye mashine tunaiga kwa kufungua kama robo saa kwa siku na kuyanyunyizia maji ya vuguvugu kwa ile chupa ya kupulizia. Ngoja lakini hao weupe watoke kwanza, usije ukawakausha.

Bata wetu hawa ni wazuri mno kwa kuatamia, mimi mashine naitumia kwa mayai ya Pekin peke yake, maana wale weupe wanataga na kuondoka kama hawayajui. Kama una jike anayeatamia sasa hivi, mpe hiyo trei ya chini ulale usingizi.

Kijana wa Duga

Bi shikamoo. Kwa hiyo yai ambalo halina tundu kabisa la nje, ila unamsikia ndani, unafanyaje? Maana kwa bata wangu nimeshakuta wengi wamekufa hivyo.

Bi Mwana wa Sahare

Marahaba. Swali zuri. Akishatoboa chumba cha hewa ana hewa kiasi humo, si nyingi. Kwa kawaida ndani ya siku moja anatoboa ganda, wengine huchelewa zaidi. Ikipita siku moja tangu umsikie na nje hakuna ufa, unaweza kumfungulia tundu la usalama. Weka alama ya penseli mpaka wa chumba cha hewa kwa kumulika, kisha upande wa kitako, juu kabisa ya alama, zungusha ncha ya sindano nene iliyochemshwa mpaka itoboe ganda. Hapo chini kuna hewa tupu, hukuti mshipa. Tundu la kupitisha sindano tu, siyo dirisha. Mrudishe umwache.

Kifo cha namna hiyo mara nyingi chanzo ni unyevu mwingi siku za katikati. Yai linatakiwa kupoteza kama asilimia 13 ya uzito wake kabla ya kutotolewa. Lisipopoteza, chumba cha hewa kinakuwa kidogo, kifaranga anavimba maji, akigeuka hana nafasi. Mzani wa jikoni wa gramu ukiwa nao, pima yai siku ya kwanza uandike kwa penseli ganda lenyewe. La gramu 80 liwe limefika kama 70 mwishoni.

Fundi wa Mashine, Makorora

Hapo kwenye tundu la usalama tunatofautiana kidogo Bi. Mimi siwashauri wageni walifanye kabisa. Mtu akishajua kutoboa anatoboa kila yai, hata la siku ya 26, halafu anasema mashine ya fundi mbovu.

Bi Mwana wa Sahare

Ndiyo maana nimesema umsikie kwanza, na siku moja ipite. Asiyesikia akatoboa, hilo lake.

Baba Swaumu (Mikanjuni, Tanga)

Sabalkheri nyote. Nimeamka kabla ya adhana.

Yule wa kwanza katoka mwenyewe usiku, nimemkuta amelala juu ya mayai ya wenzake, amelowa na ana hasira. Alikata ganda kuzunguka kitako chote, kifuniko kimetoka kizima. Wa pili sasa hivi anazunguka, amefika nusu. Mwingine katoboa alfajiri ambaye sikumtarajia.

Wa tatu nilifuata maelekezo. Jana baada ya kupaka mafuta niliona uzi mmoja mwekundu upande wa chini, upande wa mdomo hakuna. Nikabanyua kidogo juu tu nikamrudisha. Saa nne usiku nikatazama tena, ule uzi umefifia. Nikaongeza kipande. Saa nane usiku hakukuwa na chochote, nikafungua mpaka shingo ikaonekana imekunjwa chini ya mguu, mguu uko juu ya kichwa, Bi! Nikaunyoosha mguu polepole, nikamwacha. Kajisukuma mwenyewe nilipokuwa naswali. Kitovu kimefunga, ila kuna kama uzi mkavu unaning'inia. Nikate?

Mama mkwe anasema yeye ndiye aliyesema tumsaidie, kwa hiyo ameshinda.

Bi Mwana wa Sahare

Alhamdulillahi. Usikate wala usivute, utakauka udondoke wenyewe. Pakae safi, chovya pamba kwenye dawa ya aidini ugusishe kitovu. Huyo wa mguu kichwani mwangalie vidole: vikijikunja, siku hizi mbili ndizo za kuvinyoosha kwa kipande cha karatasi ngumu na plasta laini chini ya wayo. Usingoje wiki.

Waache mashineni mpaka wakauke manyoya. Njaa hawana, wana kile kiini tumboni. Ukiwatoa, joto la kama 32 wiki ya kwanza, na sakafu isiteleze, gazeti tupu linawaachanisha miguu. Maji yawe ya kina cha kuzamisha mdomo na pua waweze kuzisafisha, siyo ya kuogelea. Hawa hawajalelewa na mama, manyoya hayana yale mafuta, wanalowa na kufa kwa baridi mbele ya macho yako. Na chakula cha vifaranga wa kuku hakina ya kuwatosha vitamini inayoitwa niasini, bata anaihitaji zaidi ya kuku, akiikosa miguu inalegea. Mimi nachanganyia dagaa waliosagwa vizuri, nawachukua soko la samaki la Deep Sea, wasiwe wa chumvi.

Kijana wa Duga

Baba Swaumu hongera. Wakikua niwekee jozi ya hao weupe mkuu, nitakuja kuwachukua mwenyewe.

Bi Mwana wa Sahare

Jozi utaijua vipi? Subiri wiki ya saba au ya nane, uwashike mmoja mmoja uwasikilize. Anayepiga kelele kubwa ni jike, dume sauti yake ni ya kukwaruza, na baadaye dume huota manyoya yaliyojikunja mkiani. Na ukiwachukua usiwachanganye na dume la wale wetu wa nyumbani, linawapanda. Watoto wanatoka, wananenepa vizuri kwa nyama, lakini hawazai.

Kijana wa Duga

Nina dume la nyumbani hapa, Bi. Basi nitajenga banda la pili.